Gauni la manjano lililokataa kuwa zambarau

Saa nne asubuhi. Nje, jua la Juni limeyawakia maghorofa ya Dixon Road, Toronto, na ndege zinazotua uwanja wa Pearson zinapita chini kiasi cha kutikisa vioo. Lakini ndani ya chumba kimoja cha ghorofa ya kumi na mbili ni giza. Pazia zito limefungwa, taa ya dari imezimwa, na kuta zote nne zimepakwa rangi ya kijivu.

Lourdes Furtado, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, ameketi mbele ya skrini mbili, amevaa sweta jeusi. Kwenye skrini mzee mmoja anakata keki ya kutimiza miaka hamsini ya ndoa. Mzee ni yule yule na keki ni ile ile, ila yuko mara tatu. Katika picha ya kwanza shati lake ni jeupe. Katika ya pili ni la samawati, kana kwamba dobi alizidisha buluu. Katika ya tatu limekuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Kamera tatu, kila moja na macho yake," anasema bila kugeuka. "Nikiziunga hivi hivi, mtu atadhani babu huyu anabadilisha shati kila akimeza kipande cha keki."

Anazungusha gurudumu dogo kwa kidole gumba. Chini ya picha, mistari ya rangi inapanda na kushuka kama mawimbi, naye anaitazama hiyo kuliko anavyomtazama babu. Polepole mashati matatu yanakuwa moja.

"Jicho hudanganyika," anasema. "Likikaa na kosa kwa muda, hulizoea. Mistari haizoei."

Hiyo ndiyo kazi yake. Watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Toronto na miji ya jirani hawafanyi sherehe ndogo. Harusi, ubatizo, maulidi na mahafali hupigwa video kwa kamera mbili, tatu, hata nne, na aghalabu kila moja imetoka kiwanda chake. Kuna inayopenda wekundu na kuna inayopenda ubuluu. Ya tatu imechoka, haipendi chochote. Lazima awepo mtu wa kuzipatanisha.

Mgeni akiingia chumbani humu na nguo nyekundu, huombwa avae koti la kijivu linaloning'inia nyuma ya mlango, maana wekundu ukirudi kwenye skrini huharibu hukumu ya jicho. Mumewe, Roque, mstaafu wa kazi ya mizigo uwanja wa ndege, hajayazoea masharti hayo.

"Nilioa fundi wa rangi," anatania akileta chai, "nimeishia kuishi ndani ya tumbo la tembo."

"Weka chai uende zako, wewe na shati lako la maua," anajibiwa.

Hadi Machi mwaka huu Lourdes hakuwa akiifanya kazi hii nyumbani. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni moja ya video mjini, na alikuwa akilipwa dola ishirini na nne kwa saa. Aliondoka kwa sababu ya gauni moja. Ukimuuliza kama anajuta, hunyanyua kidevu kabla hajafungua mdomo.

"Nijute nini? Waulizwe walionitaka nilifute."

Lourdes alizaliwa Mombasa, katika familia ya Wagoa. Baba yake alikuwa fundi cherehani wa suti. Mafunzo ya kwanza ya rangi aliyapata kwa kutumwa uzi.

"Baba alinipa kipande cha kitambaa, akaniambia, nenda dukani kalete uzi wake. Nikirudi na uzi usiokaa na kitambaa, hanipigi, hanigombezi. Ananirudisha tu, jua hilo hilo. Nilijifunza haraka."

Alipomaliza shule aliajiriwa katika studio ya picha, akawa anasafisha na kuchapa picha za rangi. Mwaka 1993 alihamia Canada na Roque. Alipata kazi katika duka la kusafisha picha ndani ya jengo la maduka huko Etobicoke, akadumu hadi kamera za filamu zilipokufa na duka likafa nazo. Baada ya hapo alipiga deki ofisi za watu kwa miaka saba.

Hakukubali hapo pawe mwisho. Kwa majira matatu ya baridi alihudhuria masomo ya jioni ya uhariri wa video, akitoka kazini na mikono inanuka dawa ya sakafu.

"Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza kama nimekuja kumchukua mtoto wangu," anakumbuka, akicheka. "Nikamwambia, mtoto ndiye mimi. Nionyeshe kiti."

Aliyemwajiri baada ya masomo hayo ni Shadrack Mwadime, Mtaita mwenye kampuni ya video za sherehe. Shadrack alimhitaji kwa sababu ambayo wasomaji wengi wataielewa bila kuelezwa sana. Katika harusi nyingi za Waislamu, sherehe ya wanawake ni ya wanawake peke yao. Wapiga video ni wanawake, na mhariri lazima awe mwanamke. Mwenye kampuni mwenyewe haruhusiwi kuingia ukumbini wala kuitazama video ikiisha.

"Nusu ya biashara yake alikuwa haioni kwa macho yake," anasema Lourdes. "Kadi za kamera zilitoka kwa wapigaji, zikapita mkononi mwangu, zikarudi kwa wenyewe. Yeye alipeleka ankara."

Ni katika sherehe hizo ndipo Lourdes aligundua njia yake ya kufanya kazi. Mafundi wengine hutumia kadi maalumu yenye miraba ya rangi: mtu anaishika mbele ya kila kamera kabla ya shughuli kuanza. Ukumbini, penye bibi harusi, vigelegele na watoto, nani atakumbuka kadi? Yeye akaanza kutumia sare.

Sare kila mtu anaijua. Ukoo huchagua kitambaa kimoja, wanawake wote wa ndani hukishona, na siku ya shughuli wakikaa pamoja unajua nani ni wa nani. Kwa wengine huo ni urembo. Kwa Lourdes ni kipimo: kitambaa kimoja, kutoka jora moja, kimeenea ukumbi mzima mbele ya kila kamera.

"Nikiiweka sare sawa katika kamera zote, kila kitu kingine kinajipanga chenyewe. Uso, maua, pilau. Sare hainidanganyi."

Februari ililetwa harusi ya binti anayeitwa Rida, wa familia ya asili ya Mombasa, iliyofanyika katika ukumbi mmoja wa mji jirani wa Vaughan. Mwandishi wa makala haya, akiwa mwanamume, hakuonyeshwa video hiyo wala hakuomba. Yanayofuata yametoka kwa wanawake wenyewe, nao wamekubali majina yao yaandikwe.

Sare ya ukoo ilikuwa zambarau, yenye uzi wa fedha pindoni. Iliagizwa na shangazi wa bibi harusi, Bi Shaila, aliyemlea Rida tangu wazazi wake walipoachana. Wanawake wa ukoo wote walikuwa na sare hiyo, isipokuwa mmoja. Katikati ya zambarau yote ile, safu ya pili, alikaa mwanamke aliyevaa gauni la manjano yaliyokolea.

Huyo ni Hira, mama mzazi wa Rida. Alipoomba kitambaa cha sare aliambiwa kimekwisha.

Siku chache baada ya harusi, Bi Shaila alimpigia simu Shadrack. Alitaka gauni lile ligeuzwe zambarau katika video. Shadrack aliupeleka ujumbe kwa Lourdes, naye Lourdes akakataa. Ndipo Bi Shaila alipokuja mwenyewe hadi ofisini, akaketi kando yake. Mazungumzo yao Lourdes anayakumbuka neno kwa neno, na Bi Shaila hakuyakanusha.

"Bi Lourdes, si kazi yako kulinganisha rangi?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi lile moja limepotea njia. Lirudishe kwa wenzake."

"Halikupotea, Bi Shaila. Lilikuja kwa miguu yake na likapewa kiti."

"Kompyuta yako haiwezi?"

"Inaweza, kabla chai yako haijapoa. Ndiyo maana nakataa. Ingekuwa haiwezi, ningesema haiwezi tukaagana kwa amani."

"Dada yangu, fikiri. Wajukuu wataitazama picha hii. Watauliza, huyu nani kavaa peke yake?"

"Watajibiwa ni bibi yao."

Bi Shaila alisimama. "Wewe umeajiriwa kuilinganisha harusi, si kutufundisha ukoo wetu."

"Kamera nazilinganisha, Bi Shaila," Lourdes akamjibu. "Watu nawaacha walivyokuja."

Jambo hilo halikuwa dogo kwa Shadrack. Bi Shaila yumo katika kamati ya akina mama inayopanga shughuli nyingi za jamii hiyo, na harusi nne za kiangazi zilikuwa zimekwisha kuahidiwa kampuni yake. Shadrack aliingia ofisini, akasimama mlangoni ili asiione skrini.

"Mama Lourdes, mimi video hii sijaiona na sitaiona," alimwambia. "Siwezi kukuhukumu kwa nisichokiona. Lakini simu ninazopigiwa nazisikia. Hadi Ijumaa, mama yangu. Ama gauni ligeuke, ama nimtafute mama mwingine wa kulifanya."

"Mtafute, mwanangu. Nami nitaendelea hadi Ijumaa."

Na akaendelea. Kilichokuwa kimebaki ni kamera ya tatu, iliyokuwa kuukuu kuliko zote, ambayo ndiyo iliyokuwa upande wa Hira. Chini ya taa za buluu za ukumbi, kamera hiyo iliifanya sare yote ionekane kahawia iliyoungua. Lourdes alichukua bega la mwanamke aliyekaa jirani na Hira kuwa kipimo, akaanza kuivuta kahawia ile taratibu hadi ikakaa kwenye zambarau yake, kama ilivyo katika kamera nyingine mbili.

Bega liliporudi kwenye rangi yake, kitu kingine kilirudi nalo.

"Mikono ya lile gauni la manjano ilikuwa na ukanda mwembamba mwishoni, hapa penye kifundo," anasema, akijishika mkono. "Kabla ya hapo ulionekana mweusi tu, sikuutilia maanani. Sasa ukawa zambarau. Nikavuta picha karibu. Zambarau ile ile, na uzi wa fedha ule ule. Nikajiegemeza kitini. Nikasema, Mama Maria, huyu mwanamke amevaa sare."

Hakumwita Bi Shaila. Hakumwita Shadrack. Alimpigia bibi harusi.

Rida, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, ni muuguzi. Alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, kama wenzake wengi. Alifika akiwa bado na sare ya hospitali, na Lourdes akamvisha koti la kijivu.

Kwanza alimwonyesha video ilivyo. Kisha, mbele ya macho yake, akaligeuza gauni la manjano kuwa zambarau. Kwa kweli ilichukua muda mfupi, kama alivyokuwa amesema. Hira akawa mmoja wa wengi. Na ule ukanda wa mikononi ukazama ndani ya zambarau, usionekane tena.

"Nilimwambia, mwanangu, wanataka mama yako afanane na ukoo. Lakini nikimfananisha, kile kidogo alichonacho cha ukoo kinapotea. Video ni yako. Sema."

Rida aliinama karibu na skrini. Kisha akaeleza, kwa Kiingereza, kwamba ni yeye aliyempa mama yake ukanda ule. Alikwenda kwa fundi aliyeshona sare, akaomba mabaki yaliyokuwa sakafuni, akamtumia mama yake Ottawa bila shangazi kujua. Hakuthubutu kufanya zaidi ya hapo.

"Anti Lourdes aliniuliza kama ninaogopa," Rida alimweleza mwandishi. "Nilikuwa ninaogopa, na bado naogopa. Shangazi ndiye aliyenilea. Sikutaka kumchagua mmoja."

Lakini siku ile alisimama, akanyoosha kidole kwenye skrini, na kusema sentensi moja ya Kiswahili.

"Usimguse mama."

Lourdes alilirudisha gauni kwenye manjano yake, akaimaliza video na kumkabidhi Rida. Jumapili iliyofuata Rida alikwenda kwa shangazi yake, akamweleza mwenyewe habari ya ule ukanda.

Bi Shaila, alipopigiwa simu kwa ajili ya makala haya, hakukwepa swali hata moja.

"Andika jina langu, sina la kuficha," alisema. "Kitambaa kilikuwa cha kuhesabu, nami nilihesabu waliokuwepo. Nani alimwamsha Rida kwenda shule? Nani alimpeleka kwa daktari wa meno katikati ya theluji? Yule mama alikuja na koti zuri siku za Idi. Nilitaka picha moja, moja tu, iliyo sawasawa. Na hilo la ukanda ndilo lililoniuma zaidi. Angeniomba, pengine ningempa. Nimelea mtoto akaja kuokota vitambaa sakafuni asinijulishe mimi."

Alipoulizwa kama ameitazama video, alisema, "Sijaitazama. Siitazami."

Hira naye, akizungumza kutoka Ottawa, hakuwa na maneno mengi. Aliulizwa kwa nini alichagua manjano.

"Nilinyimwa zambarau. Ningevaa kijivu wangesema nimejificha. Nilitaka nikiingia, hata aliyeko jikoni na sufuria ajue mama wa bibi harusi amefika."

Ijumaa ilipofika, Bi Shaila aliziondoa harusi zote nne. Shadrack alimwita Lourdes na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba hana njia ila kuachana naye. Hata leo hamsemi vibaya. "Mama Lourdes ndiye fundi bora niliyewahi kuwa naye," alimwambia mwandishi. "Lakini nina mkopo wa kamera, na benki haijali gauni la nani lilikuwa la rangi gani."

Lourdes alichukua sweta lake na lile gurudumu dogo, ambalo alilinunua kwa pesa zake, akapanda basi kurudi nyumbani. Wiki hiyo hiyo alinunua makopo mawili ya rangi ya kijivu.

"Nilimkuta anapaka ukuta, saa hiyo hata chakula hajala," anasema Roque. "Nikamuuliza, tumefiwa? Akanirushia brashi. Akasema, shika ukuta wa pili."

Si kwamba mambo ni mepesi. Kuna wiki anapata video moja, na kuna wiki hapati. Kodi ya nyumba inalipwa zaidi na pensheni ya Roque. Mwenye jengo ameshamwonya kwamba siku watakapohama kuta zirudishwe nyeupe. Dadake aliyeko Mississauga alimwambia waziwazi kwamba amejipalia makaa: nguo ni nguo, angeibadilisha akala mshahara wake.

"Nikamwambia, wewe ulikuwa ofisini, ulifanya kazi za karatasi," Lourdes anasema. "Mimi nimewatazama watu maisha yangu yote, tangu studio ya Mombasa. Mtu anapotoka nyumbani, amesimama mbele ya kabati, amefikiri. Ile nguo ndiyo kauli yake ya siku ile. Kamera ikiikosea, ninaisahihisha kwa sababu ni kosa la chombo. Lakini ikiwa kamera imesema kweli na mtu ndiye hapendi kuisikia, hapo sina kazi. Mwenye kazi hapo ni yeye na moyo wake."

Anageuka kwenye skrini. Mzee wa keki bado anasubiri, kisu mkononi.

Wiki iliyopita simu ililia katika chumba hiki. Aliyepiga ni mama mmoja wa kamati ile ile ya akina mama. Binti yake anaolewa Agosti. Alimsifu Lourdes sana, akasema harusi ya Rida ameiona nyumbani kwa shoga yake, na hajawahi kuona kamera tatu zikasema kitu kimoja namna ile. Anataka Lourdes aifanye ya binti yake.

"Lakini tafadhali, dada," akamalizia, "Shaila asijue."

Lourdes hakusita. "Ajue," alimjibu. "Mwambie wewe mwenyewe, leo, kabla hujanilipa. Asipojua, sitaifanya."

Yule mama akasema atapiga tena. Alipiga juzi, akasema ameshamwambia. Lourdes akamuuliza Shaila alijibu nini. "Aliuliza tu, sare yenu rangi gani."

Sare ya Agosti ni kijani ya bahari. Lourdes ameshaomba apelekewe kipande cha kitambaa mapema, akitundike kando ya skrini. Mpango wake ni kupata kazi ya kutosha kufikia majira ya baridi, akodi chumba chini ya jengo hili hili, chenye mlango wa kwenda nje na jina lake juu ya mlango, ili wanawake walete kadi zao moja kwa moja kwake. Roque amekwisha kuambiwa kwamba kuta ni kijivu huko pia.

Na ana tumaini jingine, ambalo analisema wazi ili lifike linakotakiwa kufika.

"Bi Shaila ana mjukuu wa kike wa mwanawe mkubwa. Siku moja ataolewa. Natumaini ataniletea mimi hiyo harusi. Nitamlinganishia sare yake kwa namna ambayo hakuna fundi mwingine Toronto ataiweza, shangazi na mashemeji wote wang'ae sawa, kamera zote. Lakini ajue kabisa. Akitokea mama mmoja akakaa katikati yao na gauni jekundu, atakaa nalo jekundu mpaka mwisho wa video."

Anageuza kiti, anakunywa chai iliyopoa, na kumwomba mgeni afunge mlango vizuri akitoka, mwanga wa korido usiingie.